Damu ya Akina Ndekirwa

Vijana wangu wa probesheni, siku mliponiaga kwa keki na doti ya kitenge mliniomba niwaandikie "uzoefu". Sijui uzoefu unaandikwaje. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada, na mshahara wangu mlikuwa mnaujua kabla yangu. Nitawaandikia juu ya upuuzi mmoja tu, nilioukuta ofisini siku ya kwanza na nikauacha ukiwa na afya nzuri kuliko mimi. Upuuzi wenyewe ni huu: kwamba kuna watu wanazaliwa wahalifu, kwamba uhalifu umo kwenye damu, au kama wasemavyo waliosoma, kwenye jeni na ubongo.

Siku yangu ya kwanza nilifika saa moja na nusu asubuhi na viatu vya kisigino. Mzee Mshana, Mpare aliyekuwa mkuu wa kituo, alivitazama vile viatu muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. "Binti," akasema, "hivi viache hapa chini ya meza. Kwa watu wetu kunapandwa." Kisha akanieleza kazi kwa sentensi ambazo mpaka leo sijapata bora zaidi. Mtu akishatiwa hatiani, na hakimu hajaamua amfunge au amwache nje chini ya uangalizi, sisi tunatumwa kwao kwenda kuuliza huyu ni nani. Tunarudi na kurasa mbili au tatu. Hakimu anazisoma akiwa na njaa, mchana unakaribia, na kilichoandikwa pale ndicho kinachoamua mtu alale wapi.

Fomu ya siku hizo ilikuwa na kipengele cha saba: "Historia na tabia ya ukoo." Nilikiona kizuri sana, nikanoa penseli. Nikapekua ripoti za zamani za Mzee Mshana nijifunze, nikakuta kwenye kila ripoti, kipengele cha saba, ameandika neno moja: "Ipo."

"Ipo nini, mzee?"

"Historia. Kila ukoo unayo. Nenda cha nane."

Nilidhani ni uvivu. Nilikuwa nimetoka chuoni na vyeti, na mtu mwenye vyeti vipya huona uvivu kila mahali. Kesi yangu ya tatu ilikuwa ya kijana wa Uru aliyekata migomba ya jirani yake kwa hasira. Nikapanda, nikamhoji jirani, mwanamume mzima mwenye sauti ya kanisani, akaniambia, "Binti yangu, hao ni damu mbaya. Babu yake hivyo, baba yake hivyo. Ni ukoo wa wakorofi." Nikaandika yote kwenye kipengele cha saba, nusu ukurasa, kwa mwandiko mzuri.

Mzee Mshana alisoma, akanirudishia. "Umetembea mpaka wa kihamba?"

Sikuwa nimetembea. Akanirudisha Uru siku hiyohiyo, mvua ikinyesha, nikatembea mpaka ule kutoka juu hadi chini. Kwa wageni niseme: shamba la nyumbani huku mlimani, kihamba, mpaka wake ni mstari wa masale, mimea ambayo babu alipanda na hakuna anayethubutu kuigusa. Basi masale ya mpaka ule yalinyooka vizuri mpaka kwenye migomba mitatu iliyonenepa, hapo yakajikunja kwa adabu, yakaizunguka migomba, yakaendelea. Na yale yaliyojikunja yalikuwa madogo, ya juzijuzi tu. Babu wa yule kijana alilalamika, akaitwa mkorofi. Baba yake akalalamika, mkorofi. Kijana akachoka kulalamika, akachukua panga. Damu mbaya ilikuwa hatua nne za ardhi.

Kuanzia siku ile kila niliposikia neno "damu" nilikwenda kutafuta mpaka. Si kila mara niliukuta. Mara nyingine nilikuta mke aliyeachwa, mara nyingine urithi, mara nyingine pombe tu. Sikuwahi kukuta damu.

Mengine ya kazi nitayapitia haraka, maana mnayafanya kila siku. Ukifika kwa mtu, mtazame ng'ombe kwanza kabla hujauliza lolote. Mshtakiwa akiwa mahabusu na ng'ombe wake ameshiba, kuna mtu anayemsubiri arudi, na mtu anayesubiriwa ana pa kurudia. Usikae kwenye kiti kizuri, utapewa majibu mazuri. Usikatae ndizi. Ukiambiwa "mwenyekiti wa kitongoji anajua kila kitu", mshukuru, kisha kamwulize mama anayeuza maziwa. Na ukiandika, andika kilichotokea.

Msije mkasema mama huyu anadharau madaktari. Niliwahi kuwa na dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori, akazinduka akiwa mtu mwingine. Alikuwa mpole, akaanza kurusha vitu, kumtukana mama yake, kuiba vijiko, vijiko jamani, na kuvificha kwenye buti. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari akampiga picha ya kichwa, akaonyesha palipoumia, akampa dawa, akaandika barua fupi kwa hakimu. Nilimheshimu sana daktari yule. Alimpima mgonjwa aliye mbele yake na hakuuliza babu yake aliitwa nani.

Sasa nije kwa Dokta mwingine.

Nilikuwa nimebakiza kama miaka miwili kustaafu tulipoitwa kwenye semina ya siku tatu, katika ukumbi wa hoteli moja pale mjini. Chai ya saa nne ilikuwa na sambusa, nasema ukweli, zilikuwa sambusa nzuri. Dokta mwenyewe alikuja kutoka Dar, kijana mtanashati mwenye kalamu ya mwanga mwekundu. Sikumbuki alisomea nini. Nakumbuka alisema tiba si fani yake. Alituonyesha kwenye ukuta bongo mbili, mmoja wa mtu mwema, una rangi ya bluu, na mwingine wa mhalifu, una rangi nyekundu. Nikajiuliza nani aliyechagua rangi. Akasema ipo jeni inayomfanya mtu awe mkali, inarithiwa, na afisa makini anaweza kuigundua mapema kwa kuchora mti wa ukoo: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, na aliyewahi kutiwa hatiani unampaka wino mweusi. Weusi wakiwa wengi, basi.

Kisha akagawa fomu. Swali la kwanza: je, mshtakiwa aliwahi kuanguka na kuumia kichwa utotoni?

Nikanyosha mkono. "Dokta, mimi nilianguka kutoka kwenye mparachichi nikiwa darasa la nne. Nikazimia."

Akacheka kwa adabu. "Pole sana, mama."

"Sijamaliza. Huyu aliyekaa nami alianguka mtoni. Yule pale alipigwa teke na punda. Hebu wanyoshe mikono walioanguka."

Ukumbi mzima ulinyosha, na mhudumu wa chai naye akanyosha, na birika mkononi. Huku kwetu ardhi imeinama kama paa la nyumba, mtoto asiyeanguka ni yule ambaye bado anabebwa. Dokta akasema maswali yatakuwa mwishoni. Mwishoni nikamwuliza kama wale wa ubongo mwekundu walipigwa picha wote wakiwa gerezani, na kama ndivyo, alijuaje kwamba wekundu haukuletwa na gereza. Na je, wale wanaoiba wakiwa wamekaa ofisini, wamewahi kulazwa kwenye ile mashine? Akasema muda umekwisha. Muda wa watu kama hawa huisha kwa wakati mzuri sana.

Nilirudi nyumbani nikicheka. Hilo ndilo kosa langu, kucheka. Umbea wa yule jirani wa Uru ulikuwa umevaa koti na kushika kalamu ya mwanga, na mimi nikadhani kwa sababu ni kichekesho hautamdhuru mtu.

Godlisten hakucheka. Wengi wenu mnamjua, na ameniruhusu nimwandike, hilo ni la kumsifu. Alikuwa kijana mwenye bidii, Mchagga wa Rombo, kompyuta yake begani. Miezi mitatu baada ya semina alipangiwa kesi ya Ndekirwa.

Ndekirwa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kihamba chao kiko juu, Kibosho, lakini kama wengi wetu alikuwa na kipande cha mpunga huku chini, Mabogini. Mwaka ule maji yalikuwa machache na kila mkulima alikuwa na zamu yake. Zamu ya Ndekirwa ilipofika akakuta mfereji umefungwa na maji yameelekezwa kwa mwingine. Akagombana na Hamisi, msimamizi wa maji, mtu mzima wa kumzaa, akampiga kwa mpini wa jembe. Mkono wa Hamisi ukavunjika. Ndekirwa akaliacha jembe, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akampeleka hospitali, kisha akaenda polisi mwenyewe. Mahakamani alikiri. Lilikuwa kosa kubwa, sitalipunguza. Hakimu akaomba ripoti.

Godlisten aliniletea ripoti nisaini. Kurasa tisa! Ukurasa wa kwanza ulikuwa mti wa ukoo, umechorwa kwa kompyuta, mzuri kama ramani. Babu: mraba mweusi, makosa mawili. Mama: duara jeusi, kosa moja. Ndekirwa mwenyewe: mraba mweusi, na makosa mawili ya nyuma ya kupiga watu. Mapendekezo yalisema mshtakiwa ana "mwelekeo wa kurithi wa ukatili", kwamba uangalizi hautamsaidia, na kifungo kirefu ndicho kitakachoilinda jamii.

"Ulipata wapi makosa ya nyuma?"

"Rejista ya mahakama, mama. Jina lake na la ukoo, yaani data ziko wazi kabisa. Hii ni sayansi bwana."

"Kwao ulifika?"

"Nilimpigia mwenyekiti."

"Na Ndekirwa ulimwambia haya?"

"Nilimweleza kule mahabusu. Fomu inasema mshtakiwa aelezwe matokeo."

Nikachukua mwavuli. Nilikuwa na goti bovu na miaka hamsini na minane, na njia ya kwenda kwa akina Ndekirwa si ya mchezo, lakini tulipanda. Godlisten alikuwa na viatu vyeupe.

Ng'ombe alikuwa ameshiba. Mama wa Ndekirwa, Mama Aikande, alitupokea, tukampa shikamoo, akatupa ndizi za kuchoma. Nikamwomba Godlisten asome mti wake mwenyewe kwa sauti, mbele ya wenyewe.

"Babu," akasoma, "alitiwa hatiani mara mbili."

"Ndiyo," akasema Mama Aikande. "Meku, mzee wetu, aling'oa kahawa."

Ninyi wadogo hamjui. Ilikuwa marufuku kung'oa mibuni, na mzee huyo, akiwa na watoto wanane na bei ya kahawa ikiwa matusi matupu, aling'oa akapanda maharage. Akaadhibiwa. Akang'oa tena. Leo shukeni kutoka pale mpaka mjini mniambie ni vihamba vingapi vimebaki na mibuni. Kama ile ilikuwa jeni, imeenea mlima mzima, na aliyekuwa wa kwanza kuipata alikuwa na akili kuliko waliomfunga.

"Na mama," akasema Godlisten, sauti imeanza kushuka, "kosa moja, kuingia msituni."

Mama Aikande akacheka mpaka akashika mbavu. "Majani, mwanangu! Nilikata majani ya ng'ombe nusu maili."

Nusu maili ni ule ukanda wa msitu juu ya vijiji. Mama yake alikata majani pale, bibi yake alikata pale, na hakuna aliyeuliza. Kisha mpaka wa hifadhi ukasogezwa, na asubuhi moja Mama Aikande akaamka mhalifu akiwa na mzigo uleule kichwani. Huyo ndiye duara jeusi.

"Haya," nikasema, "sasa makosa ya Ndekirwa. Alimpiga mtu baa, mara mbili."

"Ndekirwa yupi?" akauliza mama.

Nilimtazama Godlisten, naye akaanza kuelewa, na aliona aibu mpaka masikio. Maana yeye ni Mchagga. Anajua kama ninavyojua kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Yule mzee aliyeng'oa kahawa aliitwa Ndekirwa, na alikuwa na wana watano waliooa wote, na kila mmoja, kwa heshima ya baba yake, alimwita mwanawe wa kwanza Ndekirwa. Wana watano, Ndekirwa watano, jina moja la ukoo. Nyumbani wanaitwa Ndekirwa Fundi, Ndekirwa Mrefu, Ndekirwa wa Arusha, Ndekirwa Mapafu na Ndekirwa wa Aikande, huyu wetu. Rejista ya mahakama haina safu ya "Mrefu".

"Godlisten," nikamwuliza, "jina lako la nyumbani ni la nani?"

"La babu."

"Mko wangapi?"

Akahesabu kwa vidole, polepole. "Wanne."

"Na ukasahau yote hayo ulipowashiwa projekta."

Aliyepiga watu baa alikuwa Ndekirwa Mrefu. Tulimkuta kanisani akifundisha kwaya. Hajaonja pombe, hata mbege yetu ya ndizi, kwa miaka sita. Nilimwomba aje mahakamani aseme, nikijua ninamwomba nini, maana waimbaji wake hawakujua. Akafunga kitabu cha nyimbo. "Nitakuja," akasema. "Yangu ni yangu."

Siku ya hukumu karani aliita, "Ndekirwa!" na wanaume wanne wakaitika, mmoja kizimbani na watatu kwenye benchi. Hakimu akavua miwani. Mrefu akasimama, kweli ni mrefu, akasema mbele ya watu, "Mheshimiwa, hao wa baa niliwapiga mimi. Ilikuwa pombe." Hamisi naye akazungumza, mkono umefungwa shingoni. Alisema amekasirika bado, lakini aliyembeba mgongoni ni huyuhuyu aliyempiga, na mpunga wake yeye Hamisi nani ataupalilia kijana akifungwa? Ripoti yangu ilikuwa ya kurasa mbili. Hakimu akatoa uangalizi wa miezi kumi na minane, na Ndekirwa amlimie Hamisi mpaka mkono upone.

Nilimwandikia Dokta wa semina, kwa heshima, nikamweleza kisa chote. Alijibu, sifa zake hizo. Alisema kosa la majina haliathiri nadharia.

Ndekirwa alikuja kuripoti kila mwezi bila kukosa. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti, akazungusha kofia mikononi, akasema, "Mama, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Yule kijana alisema hii kitu inashuka. Kutoka kwa babu mpaka kwangu."

"Alikosea. Uliona mwenyewe mahakamani."

"Alikosea majina," akasema. "Lakini Hamisi nilimpiga mimi. Na babu mwenyewe alikuwa na hasira, wanasema. Sasa hiyo ilitoka wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mambo mengi ya busara juu ya zamu ya maji na ukame na watu wanaohamisha maji kwa kujuana. Godlisten naye alimwomba radhi, kwa machozi kabisa. Ndekirwa akatikisa kichwa na kushukuru, "aika, aika", mtu mwenye adabu. Niliamini limekwisha. Alizaliwa mtoto wa kike, wakamwita Aikande, jina la yule bibi wa majani, na nikaona hilo ni jibu zuri kuliko barua yangu kwa Dokta.

Mwezi wake wa mwisho wa uangalizi ulikuwa mwezi wangu wa mwisho kazini. Alikuja na mtoto, ana mwaka na miezi minne, mashavu haya, gauni la njano. Ndekirwa akasaini daftari mara ya mwisho, nikampa mkono, nikampakata mtoto ili nimuage vizuri. Nilikuwa nimevaa miwani. Mtoto akaitazama, akaitaka, nikamkataza, akakunja ngumi akanipiga nayo puani kwa nguvu zake zote. Ofisi nzima mliangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi, na Godlisten akasema huyu ataolewa na mwanajeshi.

Baba yake hakucheka. Alimchukua mikononi mwangu taratibu, akakaa naye, akaushika ule mkono mdogo na kuufungua kidole kimoja kimoja, akautazama kiganjani, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, ninyi mkiendelea kucheka, "wote hupiga hivyo?"

"Wote, baba," nikamwambia. "Wote."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru, akaaga, akatoka nje, na mkono wa mtoto alikuwa bado ameushikilia.